Baiskeli ya umeme Dar: anaacha nini anayeipanda?

Wanaoipigia debe baiskeli ya umeme wana hesabu nzuri. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksaidi. Gari dogo kama Toyota IST linalokula lita 8 kwa kilomita 100, dereva akiwa peke yake, linaacha kilo 18. Baiskeli ya umeme, ukiisaidia kwa pedali, hula kama uniti moja na nusu ya umeme wa LUKU kwa umbali huohuo. Hata umeme wote ungetoka mitambo ya gesi, kaboni yake haifiki kilo moja, na sasa lipo pia bwawa la Nyerere la umeme wa maji, lenye megawati 2,115.

Ila tuulize anayenunua alikuwa anapanda nini. Daladala ya Coaster ya Mbagala iliyoshona abiria 40 inawaachia kila mmoja kilo moja na ushei kwa kilomita 100, na mmoja wao akihamia baiskeli, Coaster inaondoka vilevile. Huyo ataokoa nauli. Hewa haitaona tofauti. Anayetakiwa ni mwenye IST, naye ndiye asiyetaka kufika Posta ametota jasho, wala kubanana na malori ya Mandela. Njia za baiskeli kando ya mwendokasi zipo, lakini pikipiki na meza za biashara huziwahi.

Betri nayo ina masharti. Ya volti 36 na ampea-saa 14 hubeba nusu uniti, kilomita 30 na kidogo. Inauawa na kuchajiwa ikiwa bado ya moto, au kuachwa tupu wiki nzima. Ukikatiza maji ya Jangwani yakafika kitovu cha gurudumu, yanapenya pale waya unapoingilia, kutu inakula kihisi cha mzunguko wa mota, na mota inabaki kutetemeka bila kuzunguka. Fundi wa mtaani anakubadilishia spoku. Safu moja ya seli kati ya kumi zilizo ndani ya betri ikichoka, betri nzima inakata, na hapo spana haisaidii.

Kwa maoni yetu, pa kuanzia ni guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, inayojikongoja Kariakoo na katoni chache inachoma petroli ikiwa imesimama, wakati guta la mota linapenya. Sharti ni breki: za kawaida zilipimwa kwa mwendo wa miguu. Ukifunga mota ukaziacha zilezile, kilo 300 za mzigo hazitasimama kwenye mteremko wa Magomeni.