Mwokoaji si yaya

Jumapili, ufuo wa Pirates hapa Mombasa, bamvua la mwezi mpevu, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Nina vijana wachache wa uokoaji na filimbi zao. Mbele yetu umati hata mchanga hauonekani. Sawa, ndiyo kazi. Kinachonichoma ni mzazi anayemkodia mtoto wa miaka minne tyubu ya gari, anamsukuma majini, halafu huyo, anarudi kivulini na simu yake. Kijana wangu akipuliza filimbi, anajibiwa: "Kwani nyinyi si mpo?"

Tupo! Macho mawili, vichwa mia.

Tena tyubu si boya la kuokolea. Maji yakianza kupwa yanaivuta taratibu kuelekea mwambani, na mtoto mdogo anapenya katikati kama sarafu kwenye mfuko uliotoboka. Usingoje kusikia ukelele. Anayezama hapigi kelele, apige na nini na mdomo uko majini?

Juzi nilimtoa mmoja mwenyewe, nguo zote zimelowa, nikamkabidhi kwa mamake. Akaniangalia, akaangalia baharini. "Na tyubu je, kaka? Nimeacha kitambulisho changu kwa mwenyewe."