Nitafidia

Mimi na shemeji tulinunua magunia 12 ya viazi Isyonje, 60,000 kila moja, na usafiri hadi soko la Mwanjelwa, Mbeya, 5,000 kwa gunia. Jumla 780,000, kila mtu nusu. Kosa tulilifanya kule kule shambani. Majani yanatakiwa kukatwa kama wiki mbili kabla ya kuchimba, ganda likomae; sisi tulichimba majani yakiwa mabichi, mvua inanyesha, tukafunika turubai gubigubi. Siku ya nne magunia matatu yakaanza kutoa maji. Ukishika kiazi, vidole vinapita hadi upande wa pili, na harufu yake hata mbuzi wa sokoni walihama. Tisa tuliyauza 75,000 kila moja. Hasara 105,000.

Nikamtumia shemeji ujumbe: "Usijali, mzigo ujao nitafidia."

Mzigo ujao ukaleta faida ya 84,000. Nikamhesabia 42,000 zake. Mkono haukurudi.

"Na fidia yangu? 52,500."

Tukampelekea simu mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, aliyekuwa anakunywa chai jirani. Akasoma, akavua miwani.

"Fidia ni Kiarabu: kinachotolewa ili mateka aachiwe. Hata mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Sasa umewahi kuona mtu anafidia kwa kupokea?"

Nikamwambia mbona watangazaji wa mpira husema mchezaji kafidia penalti aliyokosa.

"Aliyeikosa nani?"

Nikanyamaza. Shemeji akaongeza sukari.

"Basi mzee, ningeandika nitaikomboa hasara."

"Simu yako ikiwa bondi, ukienda kuikomboa, nani anatoa hela?"

"Nitairudisha hasara?"

"Hasara umrudishie nani tena? Si anayo tayari!" Hapo hata muuza chai alicheka, mtu ambaye namdai. "Ungeandika tu: tutapata kwenye mzigo mwingine. Hilo halina deni."

Hesabu ikawa hivi: 42,000 na 52,500 ni 94,500, faida nzima ni 84,000. Nikachomoa 10,500 za mfukoni, mbili kati ya hizo noti za elfu moja zilizolowa jasho la viazi. Chai zote tatu nililipa mimi.

Jioni mke wangu akaandika: faida iko wapi? Nikaanza, "Usijali, nitaf..." Nikafuta.