"Sorry" si pole, wala si samahani

Mwaka wangu wa kwanza Leeds, Uingereza, nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Asubuhi moja bibi wa miaka zaidi ya 90 alijikwaa kwenye zulia la korido, akajishika ukutani, hakuanguka. Mimi nilikuwa upande wa pili na mashuka mikononi. Nikatamka ambacho mtu yeyote wa Tanga angetamka, ila kwa Kiingereza: "Sorry, sorry!" Bibi akanigeukia kwa mshangao: "Kwani wewe umefanya nini?" Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. Baadaye msimamizi wa zamu aliniita pembeni akaniambia nisizoee kuomba radhi kwa jambo nisilolitenda, maana familia ya bibi ikisikia itadhani nilimsukuma.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Kwetu, mtu akijikwaa mbele yako ukanyamaza, watu watakuangalia wewe. Watajiuliza umelelewa wapi.

Shuleni tulifundishwa kwamba "sorry" ni pole, na "sorry" ni samahani, tukakariri tukapita. Nimeishi huku miaka mingi sasa, na ninaamini somo lile lilituharibia maneno yote matatu.

Pole haimtafuti mkosaji. Unampita mtu anapalilia shamba lake, "Pole na kazi." Mgeni ameshuka kwenye basi kutoka Dar na vumbi lake, "Pole na safari," kabla hata hajatua begi. Mwenye mgonjwa hospitalini anapewa pole ya kuuguza, kwa sababu tunajua kukaa kitandani pa mwenzio usiku kucha nako ni ugonjwa. Mgonjwa mwenyewe anaambiwa, "Ugua pole." Kwenye msiba wazee wa mwambao wana neno lao, "Makiwa," lakini pole nayo ipo, inarudiwa na kila anayeingia mlangoni. Hakuna anayeuliza nani kafanya nini. Neno lenyewe lina undugu na upole na polepole: unamwombea mwenzio makali yapungue. Naye atakujibu, "Nimeshapoa," hata kama homa bado anayo, kwa sababu jibu hilo ni la kukutuliza wewe uliyejali.

Mtu wa kwanza kunielewa kule kazini alikuwa dada mmoja Mnigeria, Myoruba. Siku chai ya moto iliponimwagikia mkononi alisema "sorry" kutoka mwisho wa chumba, vilevile kama nilivyosema mimi kwa yule bibi. Akaniambia kwao wana neno "pẹlẹ", wanampa mtu aliyeumia, aliyechoka, aliyefikwa na jambo. Sikuhitaji maelezo zaidi. Waafrika wengi tunaongea Kiingereza huku moyo wa lugha zetu ukiwa ndani yake, na Mwingereza anasikia maneno tu.

Sitaki kumwonea Mwingereza, maana "sorry" yake inafanya kazi nyingi sana. Hajakusikia, anasema "sorry?" pale ambapo sisi tungesema "naam?" au "abee?" Anataka kupita kati ya watu kwenye basi, ni "sorry". Anakatiza mazungumzo, ni "sorry". Anakataa ombi lako, anaanza na "sorry". Nimewahi kumkanyaga mtu kwenye foleni ya supamaketi akawa yeye wa kwanza kuniambia "sorry", na nadhani maana yake ilikuwa kwamba tumegusana na hataki ugomvi. Huo ni ustaarabu, nauheshimu. Watoto wangu nimewafundisha wautumie.

Na kuna jambo lililonigusa nilipolisoma. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "sarig", lililotokana na "sar", yaani maumivu. Ni mzizi uleule wa "sore", neno wanalolitumia kwa kidonda na koo linalowasha. Aliyekuwa "sorry" alikuwa mtu mwenye maumivu ndani yake. Wala si ndugu wa "sorrow", ingawa yanafanana na watu wengi huyaunganisha. Maana yake basi, hapo mwanzo neno lao lilisimama karibu na pole yetu. Hadi leo ukimweleza Mwingereza kwamba mwanao anaumwa atasema anasikitika kusikia hivyo, kwa neno hilohilo. Lakini likisimama peke yake, bila maelezo, sikio lao linasikia kosa.

Kosa hilo lina uzito hadi likafika bungeni. Sheria ya fidia ya mwaka 2006 ya England na Wales inasema kuomba radhi, peke yake, hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe. Scotland wakatunga yao mwaka 2016. Kule Kanada, jimbo la British Columbia walitangulia mwaka huohuo wa 2006, Ontario wakafuata 2009. Nilipojua haya ndipo nilipomwelewa msimamizi wangu. Watu wameogopa neno hadi imebidi sheria iwaambie wasiogope.

Ila nisiishie hapo, kwa sababu hapa ndipo ugenini pamenifundisha kitu ambacho nyumbani sikukipata. Tangu mwaka 2014 hospitali za umma za England zinabanwa na kanuni ya uwazi: mgonjwa akidhurika katika matibabu, lazima yeye au familia yake waambiwe kilichotokea na waombwe radhi. Mwaka uliofuata kanuni ikafika na kwenye nyumba za wazee. Nimeona kwa macho yangu moyo wa kanuni hiyo, hata kwa jambo dogo. Dawa ya jioni ya mzee mmoja ilisahauliwa. Hakudhurika. Asubuhi meneja alimpigia simu binti wa yule mzee akasema: tulikosea, ilitokea hivi, tumebadilisha hiki ili isirudi, naomba radhi. Binti alikasirika, alisema maneno makali, meneja akamsikiliza hadi mwisho.

Nikakumbuka fundi cherehani wa mtaani kwetu aliyeharibu kitenge cha mama yangu, cha kuvaa harusini. Alikata vibaya, kikawa hakivaliki. Alichosema ni, "Pole, mama." Mama akajibu, "Haya, nishapoa," na habari ikaishia hapo. Konda wa daladala akikuchania gauni kwenye mlango, "Pole, dada." Ofisini faili lako limepotea, "Pole sana, njoo Ijumaa." Pole ikitoka kwa aliyekuumiza ni kana kwamba madhara yalishuka kama mvua na yeye ni jirani aliyepita kukujulia hali. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nalipenda neno hili kuliko yote. Tumeliacha liwe mahali pa kujificha.

Samahani nayo tumeichosha. Tunaianzia swali la saa ngapi na la choo kiko wapi. Rafiki zangu wa Nairobi hapa Leeds wanasema "pole, nimechelewa", nami sikio langu la Tanga linakataa, ingawa najua kwao ndivyo ilivyo. Vijana wa nyumbani wanamalizia yote kwa "sori", kwa ufupi, huku wanaendelea na simu. "Sori" hiyo haina maumivu ya pole wala uzito wa radhi. Tunayo maneno ya kubeba kosa: niwie radhi, kumradhi, nimekukosea. Mara ya mwisho kumsikia mtu mzima nyumbani akimwambia mdogo wake "nimekukosea" ilikuwa lini? Mimi sikumbuki.

Mama alifariki mwaka 2019. Makaratasi yangu ya ukaaji yalikuwa bado hayajatoka, nikashindwa kwenda kumzika. Kazini walinipa kadi yenye sahihi za watu wote na maneno ya "sorry" kwa msiba wangu, na najua waliyamaanisha. Wiki iliyofuata hakuna aliyelitaja tena; huku wanaona kukukumbusha ni kukuumiza. Nyumbani jamvi lilijaa hadi arobaini, na miezi baadaye watu bado walikuwa wanampa dada yangu pole: "Pole na msiba, sikuwa na habari." Mimi nilituma rambirambi kwa simu, nikampigia dada nikamwambia, "Pole, dada." Akajibu, "Pole na wewe." Kisha akanyamaza kimya kirefu.

Dada alimuuguza mama miaka mitatu. Alimgeuza, alimwogesha, alikosa kazi mbili kwa ajili yake. Mimi nilikuwa naosha mama za watu kwa mshahara. Kimya kile nilikibeba muda mrefu bila kukijua jina. Nilimpa pole kama jirani wa mtaa wa pili, na deni langu kwake lilikuwa jingine.

Nilirudi mwaka 2022. Usiku wa pili, watoto wamelala, nilimwambia pale ukumbini: "Dada, niwie radhi. Nilikuachia mama peke yako." Alilia kwa muda. Nami nilikaa, sikujitetea, sikutaja makaratasi.

Halafu akasema, "Nimeshapoa, mdogo wangu," na nikajua bado.