Hofu ya Mfuko na Hofu ya Uhai: Msafiri Anaamini Nini Mtandaoni?

Mkazi wa Nairobi anayetafuta nyumba ya likizo huko Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, hugeuka mpelelezi. Picha ya bwawa la kuogelea haimtoshi. Huomba apigiwe simu ya video, huuliza nyumba imepakana na nini, na anapotuma malipo ya awali kwa M-Pesa, hulikagua jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Likiwa si la mwenye nyumba aliyezungumza naye, pesa haziendi.

Tangu Raymond Bauer, mtafiti wa tabia za wanunuzi, alipoeleza mwaka 1960 kwamba mnunuzi daima hukabili hatari ya kutopata alichotarajia, imezoeleka kudai kuwa hatari inayohisiwa hupunguza imani. Kuhusu pesa, nakubali, na shaka hiyo ni kinga njema dhidi ya matapeli. Uhai unapokuwa hatarini, naona mambo hugeuka: mwenye hofu huamini upesi, hasa habari inayomtisha.

Mei 2014, kufuatia mashambulizi ya kigaidi nchini, Uingereza iliwashauri raia wake waepuke safari zisizo za lazima katika kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikuwa ndani ya mpaka huo, wala uwanja wa ndege wa Moi. Hata hivyo, kampuni za utalii za Uingereza, Thomson na First Choice, ziliwarudisha kwao mamia ya watalii, na pigo likaifikia Diani pia. Tangazo lilikuwa na mpaka. Hofu haikuwa nao. Neno "Mombasa" lilitosha kuifunika pwani yote ya kusini.

Hata hivyo, kampuni hizo zilikuwa na hoja nzito, na sisi tulioumizwa na uamuzi ule hatuna budi kuikiri. Mgeni aliyetua Moi akielekea Diani alilazimika wakati huo kuvuka kivuko cha Likoni, yaani kupita katika eneo lile lile lililotahadharishwa. Tena gharama za kukosea hazilingani: likizo iliyofutwa hupangwa upya, lakini uhai ukipotea haurudi.

Ninachopinga ni kuachia hapo, kwa sababu anayelipia tahadhari iliyosomwa nusu ni mhudumu wa hoteli na dereva wa teksi, watu wasio na nafasi ya kujieleza kwenye ukurasa wa tangazo lile. Niliiona hofu hiyo tena baada ya tarehe 25 Juni 2024, video za moto kwenye majengo ya Bunge zilipoenea. Jamaa wa ughaibuni waliuliza iwapo Kenya inafikika, ilhali jibu la kufaa lilihitaji maswali ya yule mpangaji wa Diani: video ni ya siku gani, ya barabara ipi, na wewe unatua lini, unalala mtaa gani?