Kichwa cha Dume, Kiwiliwili cha Jike: Kuhusu Ukubwa wa Mijusi wa Majabali ya Mwanza

Saa mbili asubuhi, jua linapokuwa limeshapasha moto migongo ya majabali ya Mabatini na Bugando, mjusi mmoja huwa ameshakamata sehemu ya juu kabisa ya kila jiwe kubwa. Kichwa, shingo na mabega yake ni vyekundu, sehemu iliyobaki ni ya buluu, na kila baada ya muda mfupi hujiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele kama mtu anayepiga pushapu. Chini yake kidogo, wakiwa wamelala bapa juu ya jiwe, wapo wenzake wawili au watatu wenye rangi ya udongo, ambao mpita njia hawaoni mpaka wakimbie. Huyu ndiye anayeitwa kitaalamu Agama mwanzae, jina lililotokana na mji huu, na ambalo Arthur Loveridge alilitoa mwaka 1923 alipomweleza kama jamii ndogo ya mjusi mwingine mwenye kichwa bapa anayepatikana Namibia. Huko kwenye intaneti dunia inamjua zaidi kama mjusi wa Spider-Man kwa sababu ya rangi zake, umaarufu ambao sisi tuliokua tukimrushia mawe hatukuwahi kuuhisi.

Ukimuuliza mtu yeyote mwenye hamu ya viumbe kwa nini yule wa juu ni mkubwa na wale wa chini ni wadogo, jibu halichelewi: yule ni dume, dume hupigana, na mwenye mwili mkubwa hushinda. Jibu hilo si la uongo. Tatizo lake ni kwamba limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake, kwa kuwa linaufanya mwili wa dume uonekane ndio unaohitaji maelezo, na wa jike uonekane kama kitu kilichobaki pale pale kikisubiri kulinganishwa. Ninavyouona ushahidi uliopo, jike naye amechongwa, tena pengine kwa nguvu zaidi, isipokuwa alama za mchongo wake hazipo mahali ambapo jicho letu hukimbilia kutazama.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo, kwa sababu ubishi mwingi huanzia hapo. Wataalamu hawampimi mjusi kutoka puani hadi ncha ya mkia. Mkia hukatika anaposhambuliwa, na unaoota upya mara nyingi huwa mfupi kuliko wa awali, hivyo anayepima mkia anapima pia historia ya paka, mwewe na watoto wa mtaani. Kipimo kinachotumika huanzia ncha ya pua hadi kwenye tundu la kinyesi. Ndani ya urefu huo kuna sehemu mbili zinazopaswa kupimwa kila moja peke yake: kichwa, na kiwiliwili, yaani nafasi iliyopo kati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Katika mijusi wa makundi mengi, dume huwa na kichwa kikubwa zaidi kwa urefu wake, na jike huwa na kiwiliwili kirefu zaidi kwa urefu wake. Mijusi wawili wanaweza kulingana kabisa kwenye rula, na bado wakawa na maumbo tofauti.

Hoja ya mapigano ina mizizi mirefu. Charles Darwin aliijenga mwaka 1871 alipoeleza uteuzi wa kijinsia, yaani kwamba sifa fulani hudumu si kwa sababu zinamsaidia kiumbe kuishi, bali kwa sababu zinamsaidia kupata mwenza. Kwa jamii ya agama hoja hii inaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Dume mmoja hushika jabali, hulilinda, na hupandana na majike kadhaa walio ndani ya eneo lake. Dume mwingine akisogea, kwanza huonyeshana rangi na kutikisa vichwa, na wasipoelewana huchapana mikia na kuumana. Mwaka 1985 Laurie Vitt na William Cooper walionyesha, kwa mjusi mmoja wa Marekani ambaye vichwa vya madume yake hutanuka kupita kiasi kadiri wanavyokua, kwamba ukubwa huo unaelezeka vizuri kwa ushindani wa madume. Miaka 20 baadaye, mwaka 2005, Kristopher Lappin na Jerry Husak walikwenda ndani zaidi. Kwa mjusi wa jangwani aitwaye Crotaphytus collaris waligundua kwamba kilichoamua dume apate majike wangapi hakikuwa ukubwa wa mwili, bali nguvu ya kung'ata.

Tukisimama kidogo kwenye matokeo hayo, tunaona yanauma pande zote mbili. Yanaipa nguvu hoja ya mapigano, kwa kuwa taya ni silaha. Papo hapo yanaipunguza, kwa sababu yanasema kwamba mapigano hukuza misuli ya taya, na si lazima yakuze mwili mzima. Kwa hiyo anayetumia mapigano kueleza kichwa kipana yuko kwenye ardhi ngumu, ilhali anayeyatumia kueleza kwa nini dume mzima ni mrefu kuliko jike anahitaji ushahidi wa ziada.

Upande wa pili unaanzia tumboni. Jike mwenye nafasi kubwa hubeba mayai mengi, na kama mayai mengi yanamaanisha watoto wengi, basi uteuzi wa asili, yaani kule wenye sifa fulani kuacha watoto wengi kuliko wenzao kizazi baada ya kizazi, utamrefusha jike. Mfano ulio karibu nasi ni kinyonga wa kawaida wa vichakani, Chamaeleo dilepis, ambaye jike wake humzidi dume kwa ukubwa na hutaga makumi ya mayai kwa mara moja. Kwa kinyonga huyu, jibu la "dume mkubwa kwa kuwa anapigana" linaanguka, na si kwamba madume wake ni wapole. Wanapokutana hutishana na kung'atana vizuri tu.

Hata hivyo, hoja ya mayai nayo ina mahali inapokwama, na mahali penyewe ni ukutani mwa nyumba zetu. Mjusi kafiri anayevizia wadudu kwenye taa ya sebuleni hutaga mayai mawili kwa kawaida, awe mnono au mwembamba. Kuongezeka urefu hakumpi yai la tatu. Kwa kiumbe wa namna hiyo faida ya mwili mkubwa inapaswa kutafutwa kwingine, labda katika ukubwa wa yai lenyewe au idadi ya mara anazotaga kwa mwaka, na hapo hesabu inakuwa ngumu zaidi.

Utafiti ambao kwangu ndio uliobadilisha sura ya mjadala huu ulifanywa Australia na Mats Olsson, Richard Shine na wenzao, ukachapishwa mwaka 2002, kuhusu mjusi wa maeneo ya baridi ambaye wakati huo aliitwa Niveoscincus microlepidotus. Kila mtu angetarajia wakute kwamba madume wenye vichwa vikubwa wanafaidika. Hawakukuta ushahidi wowote kwamba uteuzi bado unafanya kazi kwenye ukubwa wa kichwa. Walichokuta kilikuwa kwenye kiwiliwili: majike wenye viwiliwili virefu walizaa zaidi, na madume wenye viwiliwili vifupi ndio waliofanikiwa zaidi katika kupata wenza. Yaani sehemu ile ile ya mwili ilikuwa inavutwa huku na huku kama kamba, jike akiirefusha na dume akiifupisha. Miaka mingi watu walikuwa wakitazama vichwa.

Hatupaswi kuuchukua utafiti wa mjusi mmoja wa baridi na kuubandika juu ya agama wa jabali la moto. Pia kukosekana kwa uteuzi leo hakuthibitishi kwamba haukuwapo zamani. Kichwa kinaweza kuwa kilishafika ukubwa wake na kutulia. Lakini utafiti huo unatulazimisha tuache kuuliza nani mkubwa, tuulize sehemu gani imekua, na imekua kwa faida ya nani.

Kuna maelezo mengine ambayo hutajwa kwa nadra kwenye mazungumzo ya kawaida, nayo mimi nayapa uzito kuliko wengi. Haya hayahusu faida, yanahusu gharama. Mjusi hula, na alichokula hugawanywa: sehemu huenda kwenye ukuaji, sehemu kwenye uzazi. Jike anapoanza kutengeneza mayai, chakula ambacho kingemrefusha huingia kwenye kiini cha yai. Robert Cox na Ryan Calsbeek walipowaondolea ovari, yaani viungo vinavyotengeneza mayai, mijusi majike wa jenasi ya Anolis, majike hao walikua zaidi na kuishi kwa wingi zaidi kuliko wenzao walioendelea kutaga, ingawa mjusi huyo hutaga yai moja moja tu. Ikiwa ni hivyo, basi sehemu ya tofauti tunayoiita "ukubwa wa dume" inaweza kuwa ankara ya jike, iliyolipwa kwa sentimita za mwili wake. Kwa upande wa homoni, Cox na Henry John-Alder walionyesha mwaka 2005, kwa mijusi wa jenasi ya Sceloporus, kwamba testosteroni huharakisha ukuaji wa madume katika jamii ambayo madume ni wakubwa, na homoni hiyo hiyo huuzuia katika jamii ambayo majike ni wakubwa. Msemo kwamba homoni ya kiume hukuza mwili, unaosikika sana kwenye vyumba vya kunyanyulia vyuma, kwa mijusi hauna kanuni moja.

Chakula kina hoja yake pia, ila nitaipitia haraka. Thomas Schoener aliandika mwaka 1967 kwamba katika mijusi wa kisiwa cha Grand Cayman dume na jike hula mawindo ya ukubwa tofauti, na hivyo hawagombani sahani. Wazo linavutia. Ugumu wake, ambao Shine aliupitia kwa kina mwaka 1989, ni kujua kipi kilitangulia, kwa sababu mwenye mdomo mkubwa atakula kikubwa hata kama mdomo huo aliupata kwa ajili ya ugomvi. Pale ufukweni ambapo dagaa huanikwa na inzi hujaa, nimewaona agama wa rangi zote wakinyakua inzi wale wale.

Chakula kinaonekana wazi zaidi kama breki. Iguana wa bahari wa visiwa vya Galápagos, ambao madume wao huwazidi majike kwa mbali, hufa kwa wingi wakati wa El Niño mwani unapopungua, na wakubwa ndio huumia zaidi. Martin Wikelski na Corinna Thom waliripoti mwaka 2000 kwamba wanaonusurika hupungua hata urefu wa mwili. Kwa mjusi wetu wa Mwanza breki ninayoifikiria ni jiwe lenyewe. Mwewe anapopita, agama hujichomeka kwenye ufa, na kichwa kilichozidi unene wa ufa hakimfai mwenyewe hata kama kinang'ata vizuri kuliko vyote mtaani.

Sasa turudi kwenye majabali yetu, maana kuna mtego ambao huwanasa hata waangalizi makini. Dume mchanga, au dume mzima aliyeshindwa na asiye na jabali, hana rangi zile. Amefifia, anafanana na jike, na mara nyingi hukaa chini chini kama jike. Mtu anayesimama kwenye Jiwe la Bismarck au katika Kisiwa cha Saanane na kuhesabu kwamba wekundu ni madume na wa udongo ni majike, atawaweka madume wadogo wote kwenye safu ya majike, na tofauti ya wastani atakayoipata itakuwa imekuzwa na macho yake mwenyewe. Niliwahi kumtazama kwa karibu mmoja wa wale niliowaita jike kwa wiki nzima, baada ya kijana wa jirani kumnasa kwa kitanzi cha uzi mwishoni mwa ufito. Tulipomgeuza, tuliona mbele ya tundu la kinyesi mstari wa magamba manene yenye rangi ya nta, ambao ni alama ya dume. Tulimwachia juu ya jiwe lile lile, akaenda kukaa mahali pake pa chini.

Umri nao huongeza mkanganyo. Mijusi huendelea kukua baada ya kukomaa, ingawa polepole, kwa hiyo kama jinsia moja huishi muda mrefu zaidi, wakubwa wengi watatoka katika jinsia hiyo bila ya uteuzi wowote wa ukubwa kuhusika.

Kwa uzani wangu, basi, mapigano yanastahili kichwa na rangi ya dume wa agama, na hapo sioni mshindani wa kweli. Urefu wake wote siyapi peke yao mpaka gharama ya mayai itolewe kwanza, na kiwiliwili cha jike ninakipa mayai moja kwa moja.

Mvua za vuli zikishalainisha udongo, jike wa agama hushuka kutoka kwenye jiwe na kuchimba kishimo kwenye mchanga wenye unyevu. Niliyemwona Novemba alikuwa na ubavu uliojaa vinundu vya mayai asubuhi, na jioni ngozi ya ubavu huo ilikuwa imeingia ndani kwa mikunjo mikavu, huku yule mwekundu akiwa bado juu akipiga pushapu. Mizani ingempa jike huyo majibu mawili kwa siku moja, na rula ingempa jibu lile lile asubuhi na jioni.