Maua Tumeyapokea, Maoni ya Wasimamizi Yako Wapi?

Kila ifikapo tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, wanawake tunaosomea uzamili na uzamivu huitwa ukumbini, hupewa maua, na mgeni rasmi hutuasa tupumue kwa utulivu, tunywe maji ya kutosha na tujipende. Wa mwaka huu aliongeza kwamba mwanamke ameumbwa mvumilivu, makofi yakapigwa, nami nikawa nawaza sura ya tasnifu yangu ambayo msimamizi ameikalia tangu mwaka jana bila kuandika hata neno moja pembeni. Nimevumilia sana, asante.

Sikatai kwamba usingizi husaidia, na kwamba kuwa na mwenzako wa kumlalamikia data zinapogoma husaidia zaidi. Lakini sehemu kubwa ya msongo huu hutengenezwa na watu wenye ofisi na mamlaka, na hakuna pumzi itakayouondoa.

Sherehe hizi hupenda kumtaja mwanaastronomia Jocelyn Bell Burnell, basi tumtaje kikamilifu. Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, akikagua kwa macho mikunjo mirefu ya karatasi zilizochorwa na darubini ya redio aliyoshiriki kuijenga. Amesimulia mwenyewe kwamba alijiona hastahili kuwa pale, akiamini kuwa siku moja watagundua walikosea kumpokea na watamfukuza. Ndiyo maana hakuacha kitu bila kukichunguza. Alipoona alama ndogo isiyoeleweka, msimamizi wake, Antony Hewish, mwanzoni alidhani ni mawimbi yanayosababishwa na binadamu. Msichana huyo aliendelea kuifuatilia, na ikawa ndiyo palsa ya kwanza kugunduliwa, yaani nyota inayozunguka kwa kasi na kutufikishia mawimbi ya redio kwa mapigo ya kawaida kama saa. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1974 ilikwenda kwa Hewish na mwanaastronomia mwenzake, Martin Ryle; yeye hakuwamo.

Ni kweli, nalisema kwa shingo upande, kwamba mwenyewe hakulalamika. Hata hivyo hofu ile iliyomkesheza haikuwa mbinu ya malezi, na yeyote anayeisimulia kama sifa ya uvumilivu anawasifu waliomwacha nayo. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3, alizitoa zote zisomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yenye uwakilishi mdogo. Alijua mtafiti mchanga hukwama wapi.

Wanaotuuliza tutaolewa lini, leo nawasamehe.

Ufadhili ndio nisioweza kuunyamazia. Mikataba mingi huhesabu miaka kana kwamba hakuna mtafiti anayebeba mimba, na anayejifungua katikati ya ukusanyaji wa data hurudi akakuta saa imeendelea kutembea. Huyo asiitwe jukwaani kama shujaa. Tarehe yake ya kuwasilisha tasnifu isogezwe mbele na posho yake isikatwe, kwa barua yenye mhuri, kabla hajalazimika kuomba.