Mguu Umevunjika, Nyinyi Mnakimbilia Kutengeneza Kwadi

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la mtaani kwetu hapa Unguja iliingia sauti ya mzee mmoja ninayemheshimu sana, akieleza kikao cha sheha, kiongozi wa mtaa, kuhusu kijana aliyevunjika mguu kwa kwadi ya tajiri wake. "Alhamdulillah, tumekaa kwa sheha, tajiri katoa laki tatu za dawa, kijana kasamehe, mambo yamekwisha." Chini yake zikamiminika amini na vimkono vya dua. Mimi sikuandika kitu, maana ningeandika ningetolewa kwenye grupu. Naandika hapa.

Laki tatu. Kwa mguu uliotiwa chuma.

Kijana mwenyewe ni mtoto wa jirani yangu. Kazi yake kuongoza watalii kwa kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, huko Kaskazini: yeye mbele, wageni nyuma, wanakatiza vijiji na mashamba ya mihogo mpaka ufukweni, kila mtu anarudi mwekundu kwa vumbi. Siku hiyo alifika kwenye kona, akaachia eksileta, lakini mashine haikupungua mwendo. Ikaenda naye moja kwa moja mpaka kwenye maweni. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Nilipokwenda kumtazama nilimwuliza mama yake, "Bi mkubwa, na ile mashine iko wapi?" Akanikata jicho. "Mwanangu, wauliza chuma, huniulizi mtoto?" Haki yake. Lakini jibu nililipata kwa mdogo wake: kwadi ishapelekwa gereji, fundi keshatia waya mpya, ule wa zamani kautupa, na mashine inatembea na wageni wengine. Mguu wa mtu haujakauka, mashine imepona!

Hili ndilo linaloniudhi kuliko hizo laki tatu. Sote tunajua kwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa. Tunajua kukusanya risiti za dawa. Tunajua kumpiga picha majeruhi kitandani na kumtia kwenye status na nyimbo ya huzuni. Kitu chenyewe kilichomvunja hakuna anayekiangalia, ilhali kesi yote imo humo.

Hebu tuutazame huo waya. Eksileta ya kwadi husukumwa kwa kidole gumba. Ukisukuma, waya unavutwa ndani ya ala yake na mwendo unapanda; ukiachia, springi inaurudisha. Waya wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Ukikaa na chumvi ya bahari na mchanga unashika kutu, nyuzi zinakatika moja moja, ncha zake zinanasa kwenye ala, na hapo hata ukiachia kidole mashine haina habari na wewe. Sasa mwenye kujua vyuma akiushika waya ule mkononi anaweza kukwambia mengi. Umeliwa na kutu, ala imejaa mchanga? Basi mwenye kwadi hakuihudumia, na aliyempandisha mtu ni yeye. Spea mpya lakini ni ya bandia, imekatika kabla ya wakati? Tumtafute aliyeiuza. Mashine bado mpya na waya umepitishwa mahali unaposuguliwa na fremu, na kwadi nyingine za aina hiyo hiyo zina alama pale pale? Hapo tunazungumza na aliyeitengeneza na aliyeiingiza nchini. Milango mitatu tofauti ya kudai, na kinachoweza kutuonyesha ni upi ni kile kipande cha waya alichokitupa fundi.

Kwa hiyo, wallahi nawaomba: ikitokea ajali ya namna hii, mashine isiguswe. Ipigwe picha pale pale ilipolala, eksileta, breki, matairi, na namba ya chesesi. Polisi waambiwe waichukue kama kielelezo, si kuandika "alishindwa kuimudu" wakamaliza. Mwenye mashine aandikiwe barua, na wakili akipatikana ndiyo bora, kwamba asiitengeneze wala asiiuze. Akikataa, mahakama inaweza kuombwa imzuie. Na ikibidi itengenezwe, basi kipande kilichotolewa kitiwe kwenye mfuko mbele ya sheha, kiandikwe tarehe. Sheha si wa sulhu peke yake.

Najua nitajibiwa ni kudra. Ni kudra, nani kakataa? Lakini Mola aliyeandika kudra ndiye aliyesema, katika Suratun-Nisaa aya ya 92, kwamba mwenye kumuua muumini kwa bahati mbaya atoe kafara, na diya, yaani fidia, iwafikie jamaa za aliyeuawa, ila wakisamehe wenyewe. Kwa bahati mbaya! Bila kukusudia, na bado kuna haki ya mtu. Msamaha umewekwa baada ya haki kujulikana. Sisi tunaanza na msamaha, haki tunaisikia redioni.

Njia za kudai zipo, na si moja. Huyu kijana aliumia kazini, na Zanzibar ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu 1986. Kwa njia hiyo huna haja hata ya kuthibitisha uzembe wa mtu, suala ni kwamba umeumia ukiwa kazini. Tajiri atasema "huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu," wimbo tunaoujua. Basi zitunzwe zile meseji za "njoo saa mbili kuna wageni sita" na za kulipwa kwa simu. Angekuwa mgeni aliyekodi, angedai kwa mkataba wa kukodi na kwa uzembe. Ile karatasi wanayosainishwa ya "nimekubali hatari"? Hatari aliyoikubali ni ya mashimo na matope, hakukubali waya mbovu asioujua. Kadhi hapa hahusiki, hizi ni kesi za mahakama za kawaida. Mnunuzi aliyeuziwa mashine mbovu ana ZFCC, tume ya ushindani halali ya Zanzibar, na sheria yao ya 2018 inamlinda mtumiaji. Habari ya bima uiulize mapema, na uulize pia kama kwadi ina namba ya usajili. Hii ya kwetu haikuwa nayo.

Na msiseme aliyetengeneza hashitakiki kwa kuwa kijana hakununua yeye. Hoja hiyo ilikufa 1932. Bibi mmoja wa Scotland, May Donoghue, alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake kwenye mkahawa huko Paisley mwaka 1928. Chupa haikuwa ya kuonea ndani. Akanywa, rafiki yake kumimina iliyobaki, bibi akasema katoka konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtu, soda si yeye aliyeilipia. Kesi ikafika kwenye Baraza la Malodi London, ndiyo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na wengi wao wakasema mtengenezaji ana wajibu kwa yule atakayeitumia bidhaa mwishoni, hata kama hamjui. Mawakili wa Vuga, kwenye mahakama zetu za mjini, wanaijua kesi hii kwa moyo, maana sheria zetu za kudai fidia ya madhara zimetoka huko huko. Na la kuchekesha, konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa: mwenye kiwanda alifariki, kesi ikaishia kwa sulhu.

Haya, nakubali, sulhu si haramu. Kesi zinachelewa, na tajiri wenyewe wengine ni watu wa kawaida waliokopa kununua kwadi mbili tatu. Simtaki mtu afilisike. Lakini bibi wa Paisley alisuluhishwa akiwa na hukumu mkononi. Sisi tunasuluhishwa tukiwa na kahawa.

Wenzetu Marekani, kampuni ya Polaris iliyaita yarudi kutengenezwa magari yake ya RZR, ndugu wa kwadi, kiasi cha 133,000 mwaka 2016 kwa hatari ya kuwaka moto, na mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 27.25 kumaliza madai kwamba ilichelewa kutoa taarifa za kasoro za RZR na Ranger. Huko magari yanaitwa yarudi. Huku yanashushwa bandarini Malindi yashatembea nchi za watu, tunayapiga rangi. Ukitaka kujua kama la kwako liliwahi kuitwa, chukua namba ya chesesi uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Dakika tano. Tajiri gani kafanya hivyo?

Pesa ya wakili? Kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kipo tangu 1992, na wasaidizi wa sheria wapo mpaka mashamba. Waendeeni kabla ya kutia saini kikaratasi chochote kwa sheha, hata kama mwandiko wake ni mzuri.

Na mzee wetu wa grupu, shikamoo, lakini mambo hayajakwisha. Mgeni aliyekuwa nyuma ya kijana alikuwa anarikodi kwa simu iliyofungwa kifuani; tumepata barua pepe yake, tumemwandikia. Fundi naye anasema vyuma chakavu vyake huja kuchukuliwa Ijumaa. Leo Jumatano. Mdogo wa kijana yuko gereji tangu asubuhi anapekua pipa, nami namaliza kuandika nimfuate na mfuko.